Uzi: Kurudisha nguvu za misuli kwa chipukizi wa tenisi katikati ya mashindano

MamaChipukizi

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba tusaidiane kwa kina.

Mchezaji ana miaka 13, kilo 45, mashindano ya siku tano. Asubuhi anacheza mechi ya mmoja mmoja, akishinda anaweza kupangiwa nyingine mchana, na jioni kuna ya wawili wawili. Ikifika siku ya tatu miguu inakuwa mizito, sevu (pigo la kuanzisha pointi) inapoteza kasi na mipira mifupi hafiki.

Mechi ikiisha tu, aanze na nini? Ale nini na kiasi gani? Maji ya barafu yanafaa kwa umri huu? Na nitatofautishaje uchovu wa kawaida na jeraha linaloanza? Naomba vipimo kamili, maana "apumzike vizuri, anywe maji mengi" tumeshalisikia sana.

KochaKiwanjani

Mama Chipukizi, karibu. Kabla ya barafu na mambo mengine, angalia saa. Mechi inayofuata ni baada ya muda gani? Jibu la hapo ndilo linaloamua karibu kila kitu, na wengi wanakosea kwa sababu wanafanya utaratibu uleule kila mara, iwe kuna dakika arobaini au usiku mzima.

Mashindano mengi hutoa mapumziko kulingana na urefu wa mechi iliyotangulia. Ikiwa chini ya saa moja, nusu saa. Saa moja hadi saa moja na nusu, unapewa saa nzima. Zaidi ya hapo, saa moja na nusu. Hicho ndicho kiwango cha chini, na kila mashindano yana karatasi yake ya taarifa, kwa hiyo isome kabla ya siku ya kwanza. Mpira wa mwisho ukipigwa, mtu mzima mmoja aende kwa msimamizi kuulizia ratiba na mwingine abaki na mtoto. Mtoto asitumwe kuzunguka uwanjani kutafuta habari huku jasho linamkaukia.

Mechi inayofuata ni ndani ya saa moja. Usiuache mwili upoe kabisa. Abadilishe fulana na soksi, akae kivulini dakika kumi miguu ikiwa imenyanyuliwa juu ya begi, anywe taratibu, ale kitu chepesi cha wanga kama ndizi moja. Hapo hakuna chakula kizito, hakuna kukandwa kwa nguvu, hakuna maji ya barafu na hakuna kunyoosha msuli mmoja zaidi ya dakika. Msuli uliopoa au uliovutwa muda mrefu hupoteza sehemu ya nguvu za kulipuka, na sevu ndiyo ya kwanza kuonyesha. Zikibaki dakika kumi, aamke: kamba dakika mbili, hatua za pembeni, kurusha miguu mbele na nyuma, sevu za hewani kumi (bila mpira), kisha mikimbio mifupi minne ya mita tano akianza na kusimama ghafla. Inatosha. Kumpasha upya kwa dakika ishirini kama asubuhi ni kumtumia nguvu alizobakiza.

Kuna saa mbili hadi nne. Atembee na kukimbia pole pole dakika tano hadi nane, abadilishe nguo zote, ale ndani ya nusu saa ya kwanza, kisha alale chali mahali penye baridi na utulivu. Usingizi wa dakika 20 hadi 30 unafaa. Ukizidi hapo anaamka mzito, na atahitaji muda mrefu kuchangamka. Kupasha upya kuchukue dakika 12 hadi 15.

Usiku mzima uko mbele. Hapo ndipo chakula kamili, maji, kukandwa kwa upole na usingizi vinafanya kazi yake.

Sasa kwa nini miguu inakuwa mizito siku ya tatu? Kuna mambo mawili makubwa. La kwanza ni akiba ya wanga ndani ya misuli, yaani glikojeni. Ikishuka sana huchukua karibu siku nzima kujaa tena, hata kwa anayekula vizuri. La pili ni breki. Tenisi ni mchezo wa kusimama ghafla na kugeuka, na kila breki inaufanya msuli wa paja ufanye kazi huku unarefushwa. Kazi ya aina hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za msuli na kuleta maumivu yanayofika kilele kati ya saa 24 na 72. Hesabu mwenyewe: mechi ngumu ya siku ya kwanza inamdai siku ya pili na ya tatu.

Kuna wanaosema ni asidi ya laktiki (laktati), inayozalishwa misulini mtu akijituma sana. Laktati inarudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi hata mchezaji akikaa tu kwenye benchi, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo inayouma kesho yake. Kukimbia pole pole baada ya mechi kuna faida yake. Mapigo ya moyo yanashuka taratibu, damu haibaki imejikusanya miguuni hadi mtoto akaona kizunguzungu, na kichwa kinatulia. Lakini usitegemee kwamba dakika nane za kukimbia zitaondoa maumivu ya kesho.

LisheNaMichezo

Kocha ameweka msingi mzuri. Mimi naweka vipimo vya sahani, kwa kutumia hizo kilo 45.

Kama mechi nyingine ni siku hiyohiyo, lengo ni gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kila kilo kwa saa, katika saa za mwanzo hadi nne. Kwa kilo 45 ni gramu 45 hadi 54 kila saa. Gramu 50 ni sawa na ndizi mbivu mbili za wastani, au kikombe kimoja kilichojaa cha wali, au vipande vitatu hadi vinne vya mkate mweupe. Siyo lazima azile kwa mkupuo. Agawe, nusu mara tu akitoka uwanjani na nusu baada ya dakika thelathini.

Protini ni karibu gramu 0.3 kwa kilo, yaani 13 au 14 kwa mlo. Mayai mawili yanafika hapo, na maziwa mililita 400 pia, tena yanaleta maji, chumvi kiasi na wanga kwa pamoja. Kumwongezea mtoto protini mara mbili ya hapo hakumponeshi msuli haraka zaidi. Kinachotokea ni kwamba anashiba na kushindwa kula wanga anaouhitaji.

Mlo kati ya mechi uwe na mafuta machache na nyuzinyuzi chache. Chipsi, nyama ya kukaanga, maharage mengi na mboga mbichi nyingi vinakaa tumboni muda mrefu, na mtoto anaingia seti ya kwanza tumbo limejaa. Hivyo ni vyakula vizuri, ila viende kwenye mlo wa usiku. Kwa siku nzima ya mashindano yenye mechi mbili, kilo 45 inahitaji takriban gramu 270 hadi 360 za wanga. Watoto wengi hawafiki hapo kwa sababu wasiwasi unawaondolea hamu. Ndiyo maana vinywaji vyenye wanga vinasaidia: anayeshindwa kutafuna bado anaweza kumeza.

Maji. Hapa naomba mnunue au muazime mizani, maana rangi ya mkojo inakupa picha tu, lakini mizani inakupa namba. Apimwe kabla ya mechi akiwa ametoka chooni, bila viatu, na nguo nyepesi. Baada ya mechi ajifute jasho, avae nguo kavu za aina ileile, apimwe tena. Tuseme 45.0 imekuwa 44.2. Amepungua gramu 800, karibu asilimia 1.8 ya uzito wake. Ikivuka asilimia 2, kasi na umakini huanza kushuka. Kila kilo iliyopotea inarudishwa kwa lita 1.25 hadi 1.5, kwa hiyo huyu anahitaji lita 1 hadi 1.2, kwa kunywa kidogo kidogo ndani ya saa mbili hadi nne. Akinywa lita nzima kwa dakika tano, nyingi itaishia chooni.

Na lazima kuwe na chumvi. Maji matupu kwa wingi yanapunguza sodiamu kwenye damu, figo zinayatoa, na mtoto anakojoa maji meupe huku bado amekauka. Kama mizani inaonyesha uzito umepanda baada ya mechi, anakunywa kupita kiasi. Hilo ni hatari kweli kweli: kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba ni dalili za kuwahishwa kwa daktari, wala msimwongezee maji.

Kinywaji cha kutengeneza mwenyewe: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chakula 5 vilivyosawazishwa (karibu gramu 60), chumvi robo ya kijiko cha chai. Kamulia limau kwa ladha. Chumvi isikike kwa mbali tu. Makosa yanayotokea ni mawili. Mtu anazidisha sukari akidhani ni nguvu zaidi. Ikifika gramu 100 kwa lita, maji yanachelewa kutoka tumboni, yanacheza ndani kila akikimbia, na mwisho ni kuharisha. Juisi halisi iko karibu na kiwango hicho, kwa hiyo ichanganye nusu kwa nusu na maji kisha utie chumvi kidogo. Kosa la pili ni kujaribu mchanganyiko mpya siku ya mashindano. Ujaribiwe mazoezini kwanza.

Wakati wa mechi, mafunda manne hadi matano (mililita 100 hadi 150) kila anapobadilisha upande. Mechi ikivuka saa moja, wanga gramu 30 kwa saa zinatosha kwa umri huu, yaani nusu lita ya kinywaji hicho, na maji ya kawaida kwa kiu iliyobaki.

Vinywaji vya kuchangamsha vyenye kafeini havina nafasi kwa mtoto. Vinavuruga usingizi, na usingizi ndio tunaoutafuta.

Mdau_wa_Raketi

Nakazia hapo kwenye mizani. Swali kwa wataalamu: mashindanoni kuna wazazi wanaweka watoto kwenye pipa la barafu kila jioni, na wengine hata kati ya mechi. Hii kitu inafaa au ni kuiga wachezaji wakubwa?

FizioBega

Mkuu, swali zuri, na jibu linategemea unataka nini.

Maji ya baridi yanapunguza *hisia* ya maumivu kesho yake. Hilo limeonekana mara nyingi kwa watu wazima, kwa maji ya nyuzi joto 10 hadi 15 za Selsiasi na dakika 10 hadi 15. Kujenga upya nyuzi zilizochanika kunahitaji chakula na usingizi, barafu haifanyi kazi hiyo. Tena kwenye wiki za mazoezi ya nguvu, kujizamisha kila siku kunapunguza faida ambayo misuli ingeipata. Kwa hiyo ni kifaa cha siku za mashindano tu, na kwa anayekikubali. Mtoto anayelia kwenye pipa anapandisha msongo badala ya kupumzika.

Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, ndiyo maana anapoa haraka kuliko mtu mzima. Ushauri wangu kwa miaka 12 hadi 14: nyuzi 14 au 15, hadi kiunoni, dakika 5 hadi 8, na mtu mzima akae pembeni muda wote. Weka maji ya bomba kwanza, tia kipimajoto, ndipo uongeze barafu kidogo kidogo ukikoroga, kwa sababu chini huwa baridi zaidi kuliko juu. Akianza kutetemeka au vidole kufa ganzi, atoke. Mwenye tatizo la moyo, pumu inayochochewa na baridi, au kidonda wazi, asiingie.

Kati ya mechi za siku moja, hapana. Msuli uliopoa unasukuma kwa nguvu ndogo na unachanika kwa urahisi. Nakubali hali moja tu: joto kali, na mwili mzima umepanda joto. Hapo unapoza *mwili*: taulo lenye maji ya barafu shingoni, kwapani na kichwani, libadilishwe kila dakika mbili tatu maana taulo lililopata joto linafunika tu, pamoja na feni na kivuli. Kisha apashwe upya kabla ya kuingia.

Rola (gogo la kubingirishia misuli) na kukandwa: dakika moja hadi mbili kwa kila msuli, shinikizo la wastani, mapaja mbele na nyuma, vigimbi, makalio. Faida ipo, ni ndogo. Usikande goti, mgongo wa chini wala mahali panapouma kwa kidole kimoja. Kukandwa kwa nguvu hadi mtoto anakunja uso kunaacha msuli umelegea na unauma zaidi kesho yake, kwa hiyo kusiwepo kabisa hadi mashindano yaishe.

Kunyoosha misuli jioni ni sawa, sekunde 30 mara mbili kwa kila msuli. Kunarudisha mwendo wa viungo. Maumivu ya kesho kunayapunguza kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo kusichukue nafasi ya chakula wala usingizi.

Mdau_wa_Raketi

Shukrani daktari. Mbona lakini watoto wa miaka 10 au 11 wanacheza mechi tatu kwa siku na jioni bado wanakimbizana?

KochaKiwanjani

Kwa sababu misuli yao ni tofauti. Kabla ya kubalehe mtoto anatumia zaidi njia ya oksijeni, anazalisha laktati kidogo, na anarejesha nguvu kati ya pointi na pointi haraka kuliko mtu mzima. Pia ana uzito mdogo na nguvu ndogo, kwa hiyo breki zake hazimchani sana. Akianza kurefuka na kuongeza misuli, anapata kasi na anapoteza ule wepesi wa kurudi. Kasi ya kurefuka hufika kilele karibu na miaka 12 kwa wasichana na 14 kwa wavulana, na tofauti kati ya mtoto na mtoto inaweza kufika miaka miwili kila upande.

Kwa hiyo kwenye kundi la chini ya miaka 14 unaweza kukuta wawili wenye umri mmoja, mmoja mwili wa mtoto, mwingine karibu mtu mzima. Ukiwapa utaratibu mmoja unamwonea huyu wa pili. Mpime urefu kila mwezi. Akiwa kwenye miezi ya kurefuka haraka, punguza idadi ya matukio anayoandikishwa (mmoja mmoja, wawili wawili). Na usidanganywe na hao wanaokimbizana jioni: misuli imerudi, lakini sehemu laini za mifupa yao hazina wepesi huo. Fizio, hapo nakuachia.

FizioBega

Ndiyo, na hapa naomba kila mzazi asome taratibu.

Uchovu wa misuli una tabia zake. Umesambaa kwenye sehemu nene ya katikati ya msuli, mara nyingi pande zote mbili, unauma ukibonyezwa kwa kiganja, na unapungua akishapashwa moto. Baada ya siku chache unaisha.

Jeraha la mtoto anayekua mara nyingi liko kwenye mfupa, pale kano inaposhika sehemu laini inayokua. Mtoto anaonyesha kwa kidole kimoja. Angalia uvimbe mgumu chini ya pia ya goti. Angalia nyuma ya kisigino: kibane kutoka pande mbili kwa viganja, akishtuka ni dalili. Upande wa ndani wa kiwiko cha mkono wa raketi. Juu ya bega kwa nje. Na mgongo wa chini: asimame mguu mmoja, ajikunje nyuma taratibu, halafu abadilishe mguu. Maumivu makali ya upande mmoja hapo yanaweza kuwa ufa wa msongo (unaotokana na mzigo wa kurudiarudia) kwenye pingili, hasa kwa anayepiga sevu nyingi za kuinama nyuma. Sevu zisimame siku hiyohiyo, aonwe na daktari. Hakuna barafu wala rola inayotibu hilo, na kumalizia mashindano nalo kunaweza kumgharimu miezi.

Maumivu yanayozidi kadiri anavyocheza, yanayomfanya achechemee, yanayomwamsha usiku, au yanayobadilisha mtindo wa pigo ni sababu ya kujitoa.

Dawa za maumivu kabla ya mechi: usimpe. Zinaficha dalili tunayoihitaji, na ibuprofeni kwa mtoto aliyepungukiwa maji inazibebesha figo mzigo. Aspirini watoto hawapewi bila agizo la daktari.

RefaKiti

Naomba kuongezea la kanuni, kwa sababu linawashtua wengi uwanjani. Muda wa matibabu wa dakika tatu hautolewi kwa ajili ya msuli kubana. Mchezaji aliyebanwa anahudumiwa wakati wa kubadilisha upande (sekunde 90) au mwisho wa seti (sekunde 120), na huduma ya kubanwa ina kikomo cha mara mbili kwa mechi. Akishindwa kusubiri, anaweza kuachia pointi hadi ifike zamu ya kubadilisha upande. Yaani anaweza kupoteza gemu nzima ameketi chini. Kwa hiyo kubanwa kuzuiwe kabla.

LisheNaMichezo

Asante Refa. Kuhusu kuzuia, angalia kofia na fulana zikikauka. Zikibaki na mistari myeupe ya chumvi, huyo anapoteza sodiamu nyingi. Aongezewe chumvi kwenye chakula tangu usiku wa kabla, na kinywaji kile cha robo kijiko kiwe cha mechi nzima, siyo cha seti ya tatu tu. Asimeze vidonge vya chumvi vikavu, vinachoma tumbo na vinavuta maji kuelekea tumboni.

FizioBega

Na chumvi siyo chanzo pekee. Msuli uliochoka kuliko ulivyozoea nao unabana, hata wa mchezaji aliyekunywa vizuri. Aliyefanya mazoezi ya saa moja moja mwezi mzima atabanwa kwenye mechi ya saa mbili na nusu.

Akibanwa kigimbi: goti linyooshwe, vidole vya mguu vivutwe kuelekea goti, shikilia sekunde 20 hadi 30, achia, rudia. Wakati huohuo ajaribu kuvuta vidole mwenyewe kwa msuli wa mbele ya ugoko, kwa sababu kuushughulisha msuli wa upande wa pili kunaulegeza uliobana. Usimpige pige wala kumkanda kwa nguvu.

Misuli ikibana sehemu nyingi kwa pamoja, akawa na kichefuchefu, akayumba, akaongea asiyoyajua au akajibu visivyo, acheni kufikiria misuli. Huo unaweza kuwa mshtuko wa joto. Mpozeni papo hapo, maji ya baridi mwili mzima, huku mwingine akipiga simu ya dharura. Kupoza kwanza, kusafirisha baadaye. Na mkojo wa rangi ya kahawa siku moja au mbili baada ya mechi nzito, pamoja na misuli iliyovimba, ni hospitali siku hiyohiyo.

MamaChipukizi

Nawashukuru sana, naandika yote. Nimebakiwa na matatu. Mechi ya jioni ikiisha saa mbili usiku na kesho anaanza saa tatu asubuhi, ratiba iweje? Bega la mkono wa raketi siku ya pili linakuwa "linavuta" bila kuuma hasa, nilipime vipi? Na mechi ya wawili wawili, acheze au aache?

KochaKiwanjani

Mama, la usiku. Usingizi wa miaka 13 hadi 18 ni saa 8 hadi 10, na chini ya hapo (miaka 6 hadi 12) ni 9 hadi 12. Akianza saa tatu, aamke saa kumi na mbili. Kwa hiyo lazima awe amelala kabla ya saa nne. Saa mbili kamili anatoka uwanjani, anakunywa maziwa na kula ndizi palepale, njiani asichambue mechi na mtu. Saa mbili na nusu anaoga maji ya vuguvugu. Saa tatu kasoro robo anakula wali au tambi na mayai au samaki, kiasi cha kushiba bila kuvimbiwa. Simu anaikabidhi saa tatu. Saa tatu na nusu kitandani, chumba cha giza na baridi. Ikilazimu kuchagua kati ya kukandwa dakika arobaini na kulala dakika arobaini zaidi, alale.

Mechi ya wawili wawili: ina mbio chache, lakini ina sevu, mapigo ya juu na kusimama muda mrefu. Mimi naangalia mambo matatu asubuhi, kabla hajashika raketi: amelala saa ngapi, uzito wa miguu anaupa ngapi kati ya 0 (miepesi) na 10 (mizito kabisa), na akiruka wima mara tatu anafika alama ya ukutani aliyofika siku ya kwanza? Miguu ikiwa 6 au zaidi, au akipungukiwa alama kwa sentimita nne tano, jioni asicheze. Tatizo ni kwamba kujitoa baada ya droo kunamuumiza mwenzake na kunaweza kuleta adhabu. Uamuzi mzuri ni wa siku ya kuandikisha: kama yuko kwenye miezi ya kurefuka, au hajacheza mwezi mzima, aandikishwe tukio moja.

FizioBega

Bega. Alale chali sakafuni, mkono utoke pembeni usawa wa bega, kiwiko kikunjwe nyuzi 90, vidole vielekee darini. Wewe weka kiganja chako mbele ya bega lake na ulizuie kwa upole lisinyanyuke, hii ndiyo sehemu ambayo wengi wanaikosea. Sasa acha kigasha kianguke chenyewe kuelekea miguuni. Bega likianza kusukuma kiganja chako, simama hapo, huo ndio mwisho wa mwendo. Weka simu yenye programu ya kupima pembe juu ya kigasha, usome. Rudia kwa kuelekea kichwani. Fanya mikono yote miwili.

Mkono wa raketi mara nyingi hushuka kidogo kuelekea miguuni na kuzidi kuelekea kichwani, na hiyo ni kawaida ya wachezaji. Jumla ya pembe mbili ndiyo inayopaswa kulingana kati ya mikono. Kama kuelekea miguuni amepungua nyuzi 20 au zaidi, na jumla nayo imeshuka, nyuma ya bega pamekaza kwa sababu ya kuufungia breki mkono kila baada ya sevu. Ndiyo huko "kuvuta" anakosema. Chukua namba usiku wa kabla ya mashindano, bila hiyo huna cha kulinganisha nacho siku ya pili.

Kurekebisha: mkono wa raketi uvuke kifua, mkono mwingine uuvute juu kidogo ya kiwiko, mgongo ukiwa umeegemea ukuta ili bega lisiteleze. Sekunde 30 mara tatu, jioni na tena baada ya kuoga asubuhi. Asisikie mchomo mbele ya bega. Akiusikia, ashushe kiwiko kidogo. Kesho yake kabla ya mechi apunguze sevu za kupasha hadi kumi na mbili, nane za kwanza kwa nusu nguvu. Pembe isiporudi baada ya usiku mbili, au kuvuta kukiwa maumivu, asipige sevu hadi aonwe.

Mashindano yakiisha, siku mbili bila raketi kabisa, atembee au aogelee. Siku ya tatu mapigo ya chini tu (bila sevu wala mapigo ya juu) kwa dakika 45. Siku ya nne sevu 20 za nusu nguvu, ya tano 30 za robo tatu. Ukimpima pembe tena hapo na ziko sawa na za usiku ule wa kwanza, arudi mazoezini kamili.